Mbuzi Kwenye Gunia la Chuma

Kijana alikuwa akiiosha injini kwa dizeli. Amepiga magoti kwenye sakafu nyeusi ya uchochoro mmoja wa Gerezani, Dar es Salaam, mbele yake dumu lililokatwa katikati, mkononi brashi ya kupakia rangi, na kila anapopitisha brashi chuma kinaacha rangi ya udongo na kushika rangi ya fedha. Pembeni kopo la rangi ya kupuliza lilikuwa likisubiri zamu yake. Winga aliyetudaka barabarani alishamaliza maneno yake yote: injini ni ya Japani, haijawahi kufunguliwa, bosi lete betri tuiwashe hapahapa chini uisikie mwenyewe.

Mzee niliyemsindikiza hakutaka kusikia kitu. Ni fundi wa injini za dizeli tangu mimi nikiwa shule ya msingi, na masikio yake, anasema, yameshamtia hasara mara nyingi kuliko macho. Alizunguka upande wa pili, akachuchumaa, akaushika mpira wa maji unaokwenda kwenye rejeta na kuitazama ncha yake. Mpira ulikuwa umekatwa kwa kisu. Waya nazo zimekatwa, kila moja imebaki na mkia wa shubiri. Akainuka, akaenda kwenye injini ya pili. Ile ilikuwa na mipira yote, klipu zake zipo, soketi za waya zimechomolewa taratibu bila kuvunjika hata jino moja. Mimi moyo wangu ulikwenda kwa hiyo ya pili. Yeye alinishika mkono, akamwambia kijana tunarudi, tukaenda kunywa kahawa.

Gari linapochinjwa kwa ajili ya spea, alinieleza, mwenye kisu hana muda wa kufungua klipu. Anakata mipira, anakata waya, ananyanyua injini, anahamia gari la pili. Kwa hiyo injini yenye mikia iliyokatwa huenda ilikuwa ikitembea vizuri mpaka siku gari lake lilipogongwa nyuma, au mwenyewe alipolichoka. Lakini injini iliyofunguliwa nati kwa nati, soketi kwa soketi, ilifunguliwa na mtu aliyekuwa na nia ya kufunga nyingine palepale. Na nani anashusha injini isiyo na ugonjwa?

Sijui kama hoja hii ingesimama mahakamani. Mwenyewe anakiri kwamba imemdanganya zaidi ya mara moja, kwa sababu wauzaji nao wana akili na visu wanavyo. Nilichokipenda ni aina ya swali. Wote tunaokwenda Gerezani, au Barabara ya Kirinyaga kule Nairobi ambayo wenyeji hawajaacha kuiita Grogon, tunauliza: hii ni nzima? Mzee anauliza: hii imefikaje hapa?

Mwaka 1970 mchumi wa Kimarekani, George Akerlof, alichapisha makala fupi iliyojengwa juu ya swali hilohilo. Alichukua mfano wa magari yaliyotumika. Muuzaji analijua gari lake, mnunuzi halijui. Kwa kuwa mnunuzi hawezi kutofautisha zima na kimeo, atatoa bei ya katikati. Bei ya katikati inamkera mwenye gari zima, anaona bora abaki nalo. Inamfurahisha mwenye kimeo, analeta sokoni haraka. Wenye magari mazima wakipungua, mnunuzi naye anapunguza bei, na waliosalia nao wanajitoa. Soko linajaa vimeo bila mtu yeyote kulipangia hivyo. Majarida matatu yaliikataa makala hiyo kabla halijapatikana la kuipokea, na baadhi ya wahariri waliona inasema mambo ya kawaida mno. Mwaka 2001 ikampa Akerlof sehemu ya Tuzo ya Nobel ya uchumi, pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz.

Watu wengi hukumbuka habari ya magari tu. Lakini Akerlof alikuwa amekaa India kabla makala haijatoka, na ndani yake alitia mfano ambao mama yeyote wa Kariakoo au Mombasa angeusoma akitikisa kichwa: mchele wa sokoni uliochanganywa makusudi na vijiwe vya rangi na umbo lilelile la punje, na mwanamke wa Kihindi analazimika kukaa kuuchambua kabla ya kuupika. Uchambuzi ule ni kazi. Una saa zake, una macho yake, na haulipwi na mtu. Yeyote anayenunua kitu kilichotumika ili akiunde upya anauza, kwa kweli, kazi ya kuchambua mchele. Rangi na nati mpya vinakuja baadaye.

Niliwahi kulipa ada ya kujifunza haya. Miaka kadhaa iliyopita Corolla yangu ilikula oili mpaka ikaanza kutoa moshi wa bluu kama jiko la kuni mbichi, nikaenda kununua injini ya mtumba aina ya 5A. Dukani waliiweka chini, wakaunganisha betri, ikawaka kwa ufunguo mmoja na kutulia kama paka. Nilivuta dipstiki, oili ilikuwa mpya na nzito. Nikafurahi kwamba wameijali. Siku ya kumi na sita, nikipanda Kimara na abiria wawili wa familia, ikanoki. Fundi alipofungua sampu akanionyesha beringi zilizoliwa mpaka kwenye chuma, na akaniambia kwamba oili ile nzito ndiyo iliyokuwa imeziba mdomo wa injini isipige kelele. Karatasi iliyobandikwa ukutani dukani ilikuwa na maneno tunayoyajua wote: mali ikishauzwa hairudishwi. Sikurudi kugombana. Ningegombana na nani, na karatasi?

Tuweke mambo mahali pake. Kuna kutengeneza, ambako fundi anaondoa kilichoharibika na kuacha vingine vyote kama vilivyo. Kuna kubadilisha, yaani unatupa injini yako na kufunga ya mtumba. Na kuna kuunda upya, kazi ambayo sisi tunaifanya nusunusu bila kuipa jina. Kitu kinavuliwa mpaka nati ya mwisho, kinaoshwa, kila kipande kinapimwa kwa maikromita, kinachofaa kinakerezwa kirudi kwenye vipimo, kisichofaa kinatupwa, halafu kinafungwa upya, kinajaribiwa kwenye meza, na kinatoka na waranti kama kipya. Vipimo vyenyewe havina mzaha. Nafasi kati ya pistoni na ukuta wa silinda mara nyingi ni ndogo kuliko unene wa unywele wa kichwani.

Renault walianza kazi hiyo mwaka 1949 katika kiwanda chao cha Choisy-le-Roi, nje kidogo ya Paris, wakati Ufaransa ilipokuwa ikijikusanya baada ya vita na chuma kikiwa adimu. Caterpillar waliianza mwaka 1973 katika jimbo la Iowa, kwa injini, na baadaye wakajenga makao makubwa ya kazi hiyo Corinth, Mississippi. Mwaka 1984 Benki ya Dunia ilichapisha taarifa ya Robert Lund, mtafiti wa Kimarekani, iliyoeleza uzoefu wa Marekani katika kuunda upya na maana yake kwa nchi zinazoendelea. Yaani habari hii ilishawekwa mezani kwetu zaidi ya miaka 40 iliyopita.

Unaposoma jinsi viwanda hivi vinavyofanya kazi, kinachoshangaza ni kwamba shida yao kubwa haiko karakanani. Mashine zipo, mafundi wapo, vipimo vinajulikana. Shida iko mlangoni, pale vitu vikuukuu vinapopokelewa. Kiwanda cha kawaida kinaagiza chuma cha kiwango fulani na kinaletewa hichohicho. Kiwanda cha kuunda upya malighafi yake ni mizoga, na hakuna mizoga miwili inayofanana. Altaneta hii inahitaji kaboni na beringi tu, saa moja imekwisha. Ya pili yake, iliyotoka kwenye gari la aina ileile na mwaka uleule, imeungua koili na mhimili umepinda. Kwa nje zote mbili zina vumbi.

Njia ya kwanza waliyobuni kukabiliana na hilo sisi tunaijua tangu utotoni, kwa kutumwa dukani. Ukitaka soda ya chupa uje na chupa, la sivyo unaweka pesa ya chupa. Ukitaka gesi unapeleka mtungi mtupu. Marekani ukinunua altaneta iliyoundwa upya unafanya hivyohivyo: bei ina sehemu ya amana, na ukirudisha ile yako iliyokufa unarudishiwa amana yako. Caterpillar wanakwenda mbele kidogo. Mzoga unakaguliwa kwa masharti yaliyoandikwa na kujulikana mapema: uwe umekamilika, usiwe na ufa, usiwe umefunguliwa na vipande kupotea. Ukitimiza unarudishiwa yote. Ukipungukiwa unapata sehemu. Ukileta chuma kilichopasuka unarudi na risiti yako.

Uzuri wa amana si pesa tu. Inaleta mzoga kutoka kwa mtu aliyekuwa akiutumia, tena siku ileile ulipokufa, kabla haujapitia mikono ya dalali, kabla haujaoshwa kwa dizeli. Na inampa mwenye gari sababu ya kuacha kupanda mlima injini ikiwa inagonga. Akijua kwamba injini ikipasuka bloku amana imekwenda, atasimama mapema.

Njia ya pili ni ya wenye mtaji, na hapa naomba msomaji avumilie hesabu kidogo, kwa sababu inaeleza jambo nililoliona kwa mafundi wetu nikadhani ni upotevu.

Fundi mmoja ninayemfahamu anasuka mota na kufufua altaneta na stata. Akipata oda ya altaneta 10 hanunui mizoga 10. Ananunua 16, 17, wakati mwingine 18, na nilikuwa nikidhani anapoteza pesa. Sasa chukua tarakimu za mfano. Mzoga mmoja shilingi 20,000. Gharama ya kuufufua ni popote kati ya 10,000, kwa ule wenye bahati, na 130,000 kwa ule uliolaaniwa, na mizoga imesambaa sawasawa kati ya ncha hizo mbili. Akinunua 10 na kuzifufua zote, wastani wa kufufua ni 70,000. Jumla: 200,000 za kununulia na 700,000 za kazi, yaani 900,000.

Akinunua 17 anachagua 10 zilizo nafuu. Manunuzi yanapanda mpaka 340,000, lakini wastani wa kazi unashuka mpaka karibu 47,000 kwa altaneta, na jumla inakuwa kama 807,000. Ameokoa zaidi ya 90,000 kwa kununua vitu saba asivyovihitaji. Lakini akilewa na hesabu hiyo akanunua 30, manunuzi peke yake ni 600,000, na jumla inarudi kupita 912,000. Kuna mahali pa kusimama, na mahali hapo panategemea vitu viwili: mizoga ni bei gani, na imetofautiana kiasi gani. Ingekuwa yote inalingana kwa ubovu, kununua ya ziada kusingekuwa na maana hata kidogo. Kadiri inavyotofautiana ndivyo inavyolipa kununua nyingi na kuchambua.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Michael Galbreth na Joseph Blackburn, walichapisha kazi iliyotazama jambo hili kwa hisabati: mwenye kuunda upya anunue mizoga mingapi, na akishainunua aweke wapi mstari wa kusema huu tunaufufua, huu tunautupa. Fundi wangu hajawahi kuwasikia. Alifika kwenye 17 kwa kupata hasara ya 10 kwanza, halafu hasara ya 25. Na zile saba zilizobaki haziendi jalalani: moja inatoa rota, nyingine mfuniko, nyingine regulata, na koili iliyoungua ina shaba ambayo kuna mtu anapita kila Ijumaa kuipima kwa kilo.

Lakini ona nani ameachwa nje ya hesabu hii. Fundi mwenye 20,000 mfukoni ananunua mzoga mmoja. Kwake hakuna wastani, kuna bahati. Mwenye mtaji akikutana na altaneta iliyolaaniwa anaiweka pembeni. Maskini anaifufua kwa 130,000 kwa kuwa ndiyo aliyonayo na mteja amekaa kwenye benchi anasubiri. Watu husema fundi fulani ni mwongo, anapandisha bei katikati ya kazi. Wengine ni waongo kweli, sina nia ya kuwatetea wote. Wengi walinunua mbuzi mmoja kwenye gunia moja, wakamkuta ni paka.

Kuchambua nako kuna bei yake. Altaneta ukiifunga kwenye meza ya majaribio, dakika tano zinatosha kukuambia kama inatoa zile volti 14 au inalala kwenye 12. Injini haisemi haraka hivyo. Unaweza kupima kompresheni, unaweza kufungua kifuniko cha valvu ukaona kama ndani kuna lami, unaweza kufungua mfuniko wa oili ukaangalia kama kuna rangi ya chai ya maziwa, dalili kwamba maji yameingia mahali yasipotakiwa. Krenki iliyoanza kuliwa hutaiona mpaka uvue sampu, na muuzaji hakuruhusu kuvua sampu. Kwa hiyo bei ya injini ina ndani yake bei ya kutojua, na bei hiyo analipa mnunuzi.

Njia ya tatu ni kulipa kwa madaraja. Huko Michigan kulikuwa na kampuni iitwayo ReCellular, iliyoanzishwa 1991, ikinunua simu za mkononi zilizotumika na kuziuza tena sehemu mbalimbali za dunia. Watafiti waliifuata kwa karibu, akiwemo Luk Van Wassenhove wa chuo cha INSEAD, Ufaransa, kwa sababu ilikataa kupokea kila kinachokuja. Iligawa simu kwa madaraja ya ubora na kila daraja ikalipa bei yake, na kwa kupandisha bei ya daraja hili na kushusha ya lile ikawa inachagua ni simu zipi ziijie. Van Wassenhove na wenzake wakaonyesha kwamba bei ya kununulia ni usukani. Anayelipa bei moja kwa kila kitu atakuja kuletewa takataka na kila mtu, na hana haki ya kulalamika.

Watu wa Gikomba, soko la mitumba la Nairobi, hawakuhitaji mtu wa INSEAD kuwafundisha hilo. Belo la nguo likifunguliwa alfajiri, wanaochagua kwanza wanachukua zile zinazoitwa kamera kwa bei ya juu. Kadiri jua linavyopanda bei inashuka na nguo zinachakaa, mpaka jioni inabaki fagia, ambayo hata jina lake linakueleza hali yake. Anayenunua kamera na anayenunua fagia wamenunua kutoka belo lilelile. Tofauti ni nani alitangulia kutia mkono.

Na hapo ndipo penye kidonda chetu. Kuna kundi la mafundi na wafanyabiashara wetu wanaokwenda Sharjah, Falme za Kiarabu, kwenye mitaa ya spea zilizotumika, kujaza makontena ya injini. Injini ile imeshapita mikono mingapi? Gari limeuzwa mnadani, limekatwa, injini nzuri kuliko zote imeshapata mnunuzi mwenye mashine ya kupimia, inayofuata imekwenda kwa mwenye pesa ya kulipia haraka. Kila mkono ulioigusa ulikuwa na nafasi ya kuchagua na kuacha. Inapofika Gerezani, kwenye dumu la dizeli, imeshachambuliwa mara nyingi, na kila mara uchambuzi ulikuwa dhidi yetu. Sisemi kwamba zote ni mbovu. Ziko zinazotembea miaka kumi. Nasema tumesimama jioni ya belo halafu tunalipa bei ya alfajiri.

Sasa geuka utazame upande wa pili wa barabara. Hiace inayobeba abiria, injini 3L ya dizeli, imekufa. Dereva anajua siku iliyoanza kupoteza nguvu, anajua ilichemka mara ngapi na wapi. Konda anajua. Fundi wake aliyebadilisha gasketi mwaka juzi anajua ndani kukoje. Bloku yake ni ya chuma cha kumimina, silinda zake zina kipenyo cha milimita 96, na chuma kile kina nyama ya kutosha kuchongwa nusu milimita na kutiwa pistoni kubwa zaidi. Katika dunia nzima hakuna mzoga unaojulikana historia yake kuliko huo. Tunaupeleka wapi? Kwa skrepa. Unapakiwa kwenye mkokoteni, unapimwa kwa kilo pamoja na mabati na vitanda vya chuma, na pesa yake inalipwa palepale. Halafu mwenye gari anakwenda Gerezani kununua 3L nyingine ambayo hakuna aliye hai Tanzania anayejua ilikotoka.

Nilimlalamikia mzee juu ya jambo hili kwa hasira ya mtu aliyegundua kitu juzi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaagiza kahawa nyingine, akanipa upande wa mwenye gari. Hiace inadaiwa hesabu kila jioni. Injini ya mtumba inashushwa na kupandishwa kwa siku moja, mbili. Kuchonga silinda, kusaga krenki, kusubiri pistoni za saizi yako ambazo duka hili hazipo na lile zipo tatu, hiyo ni wiki, na siku saba bila hesabu ni pesa ambayo hairudi. Tena anayechonga ni nani? Mashine za kukereza zipo, lakini mwenye kupima krenki pande mbili na kukuandikia ulichopimiwa si kila uchochoro. Ukichongewa vibaya umelipa mara mbili. Na injini mpya za petroli zimekuja na tabia zake: kama ile ya 1NZ iliyojaa kwenye IST na Probox, bloku ni alumini na slivu za chuma ndani yake ni nyembamba, mafundi wengi hawathubutu kuzitia kisu. Hapo mtumba unashinda bila kupigana.

Nilikubali. Bado kuna mfano mmoja unaonisumbua. Wenye malori hufanya jambo hili kwa tairi. Tairi likiisha kashata, gamba likiwa zima, linapelekwa kuvalishwa upya, na wengi wanataka warudishiwe gamba lao wenyewe, si la mtu mwingine. Wanajua lilibeba nini, liliwahi kutembea bila upepo au halikuwahi. Tairi za ndege nazo huvalishwa upya mara kadhaa kabla ya kustaafu, na hakuna rubani anayegoma. Mwenye lori amekataa kununua gamba kwenye gunia wakati analo la kwake analolijua. Kwa injini, mtu huyohuyo anakwenda kwa winga.

Tulirudi uchochoroni karibu na saa saba. Injini yenye soketi nzima ilikuwa imeshapuliziwa rangi, inang'aa, na jamaa mmoja mwenye shati la ofisini alikuwa ameiinamia akiisikiliza inavyowaka. Mzee akanikonyeza nisiseme kitu. Biashara ya mtu. Hakununua hata ile yenye mikia iliyokatwa. Bei ilikuwa imepanda tulipokuwa tunakunywa kahawa.

Jioni nilimfuata gereji kwake, Ilala, kuchukua simu niliyoisahau kwenye kiti chake. Nyuma, chini ya mabati, nilikuta kitu ambacho miaka yote ninayokwenda pale sikuwahi kukitazama vizuri. Bloku sita za 3L zimepangwa ukutani juu ya magurudumu yaliyochakaa, zisiguse maji. Hakuzinunua Gerezani. Alizinunua kwa wenye Hiace, kwa bei ya skrepa na nyongeza kidogo, siku zilezile zilipokufa. Anatumia mbili au tatu kwa mwaka, wateja wenye subira. Nyingine anavunja spea. Hazijaoshwa. Kila moja imeandikwa kwa chaki, maandishi yake makubwa ya mtu aliyeacha shule mapema, na nilipoinama kusoma ile ya mwisho chaki ilikuwa bado haijaanza kufutika:

IMENOKI. PISTONI YA 3. HAIKUCHEMKA. MBEZI, DEREVA ALISIMAMA MWENYEWE.